Uvimbe uko kwenye titi, lakini saratani ilianzia kisiginoni

Shikamoo daktari,

Mimi ni binti wa tatu kati ya watoto watano, tunaishi Morogoro. Naandika kwa ajili ya mama yetu mwenye miaka 61. Ni mkulima, na msimu wa mavuno huwa anauza mchele sokoni. Kichwa changu kimevurugika, naomba unijibu hata kama majibu ni mazito.

Mwaka huu mama alijipapasa titi la kushoto akakuta kijiuvimbe kigumu, kinateleza chini ya ngozi, hakiumi. Alinyamaza. Kilipotokea cha pili pembeni yake ndipo akaniambia, tukampeleka hospitali. Alipigwa ultrasaundi, aliyempima akasema vivimbe ni vya mviringo na kingo zake ni safi, huenda si vibaya. Daktari hakuridhika, akachukua kinyama. Majibu yalirudi kwamba ni saratani ya titi, na vile vipimo vitatu wanavyopima kujua aina ya dawa vyote vikawa hasi. Tukaambiwa titi litolewe mapema.

Kaka yetu mkubwa aliitisha kikao cha familia. Tukakubaliana kuuza kiwanja chetu cha Kihonda, na mnunuzi ameshapatikana, anataka tuandikishiane mwisho wa mwezi.

Kabla ya upasuaji tulipewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Pale muuguzi alimwona mama anachechemea, akamuuliza mguu una nini. Mama akaeleza kwamba mwaka juzi alikuwa na kidonda cheusi kisiginoni ambacho hakikupona kwa muda mrefu. Kwa kuwa ana kisukari, tuliambiwa ni kidonda cha sukari. Baadaye kilikatwa chote, pakashonwa, akarudi nyumbani. Hatukupewa majibu yoyote ya kinyama na hatukuuliza. Yule muuguzi alimwita daktari. Daktari akamkagua mguu, akamshika na kwenye kinena akakuta mtoki. Akaagiza kile kinyama cha titi kipimwe upya kwa vipimo vingine. Majibu mapya yanasema ni melanoma, saratani ya ngozi iliyosambaa hadi kwenye titi. Upasuaji ukasimamishwa, tukaambiwa kwanza apigwe picha ya CT, inayoonyesha ndani ya mwili.

Sasa nyumbani hakuna amani. Kaka anasema hospitali ya pili inatuchelewesha, mama atakufa huku titi lingeshatoka, yeye anataka turudi kule kwa kwanza tulipe. Shangazi anasema mguu na titi haviwezi kuhusiana, mama alikanyaga kitu shambani na kila mtu mtaani anajua nani alikiweka. Kaka pia ametukataza kumwambia mama. Yeye anajua ana "uvimbe wa maziwa" tu. Lakini usiku mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, na ananiuliza, "Mwanangu, mbona mnanong'ona?"

Daktari, mama ana saratani moja au mbili? Titi litolewe au lisitolewe? Kuna dawa? Sisi mabinti zake tuko hatarini? Na mama nimwambie nini?

Binti wa Tatu, Morogoro

---

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mama.

Nianze na kiwanja, kwa sababu mnunuzi ana tarehe yake na mkishaandikishiana hakuna kurudi nyuma. Msikiuze kwa ajili ya kutoa titi. Kama majibu ya pili ni sahihi, na kwa maelezo yako yanaelekea kuwa sahihi, basi kutoa titi lote hakutaiondoa saratani ya mama wala kumwongezea siku. Kutamwachia jeraha kubwa la kuuguza, na kwa mwenye kisukari jeraha hilo huchelewa kupona, wakati matibabu aliyoyahitaji yanangoja.

Mama ana saratani moja. Mpunga ukiota katikati ya shamba la mahindi haugeuki kuwa mahindi, na chembe zilizotoka kisiginoni zikafika kwenye titi zimebaki kuwa chembe za saratani ya ngozi. Zinakua kama melanoma, na dawa zitakazozipunguza ni dawa za melanoma. Dawa za saratani ya titi si za kutegemea hapa.

Swali la shangazi, mguu na titi vinahusiana vipi, ni swali la haki, msimbeze. Kwenye ngozi zetu kuna chembe zinazotengeneza rangi. Hizo ndizo zinazoharibika na kuwa melanoma. Kwetu watu weusi ugonjwa huu ni adimu, lakini ukitokea hupenda zaidi nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halipigi sana. Ndiyo maana hudhaniwa ni sugu, mwiba, kucha iliyogongwa au kidonda cha sukari. Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinapigwa kwenye daladala hadi leo, aligundulika na melanoma ya kidole cha mguu mwaka 1977, na wengi waliamini ni jeraha la mpira tu. Alifariki Mei 11, 1981 akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imeshafika kwenye mapafu na ubongo.

Kutoka kisiginoni chembe hizi zina njia mbili. Ya kwanza ni mifereji ya limfu, yaani majimaji yanayopita kwenye tezi, ambayo hupanda mguu hadi kwenye tezi za kinena. Ule mtoki aliouona daktari huenda ndiyo alama yake. Ya pili ni damu. Damu ya mguuni hupanda hadi kwenye moyo, ikapita mapafuni, kisha ikasukumwa kila kona ya mwili, na titi nalo lina mishipa yake ya damu. Mwambie shangazi kwamba tatizo si kitu alichokanyaga shambani, ni kisigino chenyewe, na kilikuwa kinaugua muda mrefu kabla ya titi. Kama atataka kumsomea mama dua, amsomee. Kumtaja jirani hakumponyi mama, na kunaweza kuleta msiba mwingine mtaani kwenu.

Sasa niseme kuhusu hospitali ya kwanza, maana naona hasira kwenye barua yako. Katika kila saratani 100 zinazokutwa kwenye titi, zilizotoka sehemu nyingine ya mwili kwa kawaida hazizidi mbili. Mara nyingi huwa ni melanoma au limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, kisha zile za mapafu na za ovari. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na hata mgonjwa mmoja wa namna hii. Halafu vile vipimo vitatu kuwa hasi ni jambo linaloonekana mara nyingi kwa wanawake wa Kiafrika wenye saratani halisi ya titi, kwa hiyo karatasi ile haikumshtua mtu. Melanoma nayo huwa hasi kwa vyote vitatu, kwa sababu vipimo vyenyewe vinauliza maswali ya titi tu.

Kilichokosekana ni kisigino. Fomu inayokwenda maabara na kinyama ina nafasi ya kuandika historia ya mgonjwa, na mara nyingi nafasi hiyo huandikwa neno moja, "uvimbe", basi. Mtaalamu wa patholojia hamwoni mgonjwa, anaona kipande kwenye kioo. Asipoambiwa kwamba mgonjwa alikatwa kidonda cheusi mguuni, hana sababu ya kutafuta melanoma ndani ya titi. Yule muuguzi aliyeuliza kwa nini mama anachechemea amefanya kazi kubwa sana. Mkirudi, mtafuteni mumshukuru.

Hata ile ultrasaundi ilikuwa inasema jambo. Saratani inayoanzia kwenye titi mara nyingi huwa na kingo zenye miiba, huvuta ngozi ikabonyea au ikaingiza chuchu ndani, na mamografia, yaani eksirei ya matiti, huweza kuonyesha vidoadoa vya chokaa. Ile iliyohamia kutoka kwingine huwa ya mviringo, kingo safi, karibu na ngozi, wakati mwingine zaidi ya moja, na mara nyingi haina vidoadoa hivyo. Kwa sura hiyo hufanana na vivimbe visivyo na madhara. Daktari ambaye hakuridhika akachukua kinyama naye alifanya vizuri.

Kabla ya kuamua lolote, kuna mambo mawili ya kuhakikisha. Omba nakala ya majibu mapya ya maabara, usome au usomewe ni vipimo gani vya rangi vilivyotumika. Kwa melanoma utakuta majina kama S100, HMB-45 na Melan-A. S100 peke yake haitoshi, kwa sababu baadhi ya saratani za titi nazo huionyesha. Zikiwa mbili au tatu chanya, na zile za titi hasi, jibu lina uzito.

La pili linahitaji miguu yako. Nenda hospitali alikokatwa kisigino mwaka juzi, uende na kadi yake ya zamani na tarehe ya upasuaji, uulize maabara kama kipande kilipelekwa kupimwa. Maabara za patholojia hutunza vipande vikiwa vimegandishwa kwenye nta kwa miaka kadhaa. Kikipatikana, omba kitolewe kwa maandishi upeleke hospitali ya sasa wakilinganishe na cha titi. Usiende kugombana. Nenda kama mtu anayetafuta kitu chake, watu watakusaidia zaidi. Kama hakikupelekwa kabisa, inaumiza, lakini mambo hayaishii hapo. Kovu la kisigino linaweza kukaguliwa upya na mtoki ukachomwa sindano ukapimwa.

Kuhusu upasuaji, sitaki ubaki na wazo kwamba kisu hakina kazi kabisa. Uvimbe wa titi ukianza kupasuka, kutoa damu au kunuka, au ukimuuma, madaktari wanaweza kuutoa ili apate nafuu, na hapo hutolewa uvimbe wenyewe, titi likabaki. Pia CT ikionyesha kwamba saratani iko sehemu moja au mbili tu zinazofikika, timu inaweza kujadili kuzikata. Hilo linaamuliwa baada ya CT, kwa sababu lazima waone kwanza mapafu, ini na ubongo. Kaka anaona kusubiri CT ni kupoteza muda. Mweleze hivi: saratani iliyosafiri kwa damu hadi kwenye titi huenda imesafiri hadi kwingine pia, na kukata titi bila kuangalia kwingine ni kukata gizani.

Kuna mfano mmoja wa hapa kwetu Afrika Mashariki ambao huwa naueleza kila ninapoulizwa kwa nini tuhangaike kujua saratani ilikotoka. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aitwaye Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Saratani hiyohiyo humpata wakati mwingine mwanamke mjamzito au anayenyonyesha, ikajaza matiti yote mawili yakavimba kupita kiasi. Mtu akiona matiti yale anaweza kukimbilia kuyakata, na atakuwa amekosea, kwa sababu limfoma ile husikia dawa haraka sana na wagonjwa wengi hupona kwa dripu za dawa za saratani. Titi hilohilo, saratani iliyotoka kwingine, na tiba tofauti kabisa.

Melanoma haina bahati hiyo, na hapa nakwambia ukweli kama ulivyoomba. Ikishafika mbali na ilipoanzia huitwa hatua ya nne. Dripu za kawaida za saratani huipunguza kwa wagonjwa wachache tu. Kilichobadilisha mambo ni dawa zinazoamsha kinga ya mwili iutambue ugonjwa na kuupiga, zilizoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2011. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wa melanoma iliyosambaa waliopewa mbili kwa pamoja, nivolumab na ipilimumab, 52 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa Wazungu wenye melanoma ya ngozi inayopigwa na jua. Ile ya unyayo husikia dawa hizi kidogo zaidi. Na kuwa kwenye orodha ya Shirika hilo si sawa na kuwa kwenye dirisha la dawa, bei yake ni kubwa mno kwa familia ya kawaida.

Kwa hiyo mkifika kliniki ya saratani, iwe Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwenu ndiyo ya karibu, au kwingine mtakakopangiwa, kaka awepo na aulize yeye mwenyewe. Je, dawa hizi zinapatikana hapa? Dozi moja ni shilingi ngapi na zinahitajika ngapi? Baada ya dozi ya ngapi atapimwa kuona kama zinafanya kazi, na zisipofanya tunaacha? Bima inalipa nini? Pitieni pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali muulize utaratibu wa msamaha wa gharama. Mkishapata majibu hayo ndipo mkae kikao cha kiwanja, na mama awepo, kwa sababu ni kiwanja chake pia na mwili ni wake. Kama familia itaona ni heri fedha zimpatie chakula kizuri, nauli za kliniki na mtu wa kumhudumia, huo nao ni uamuzi wa upendo, na asiwepo wa kuwanyooshea kidole.

Siku ya CT waambieni ana kisukari, na wataje dawa zake zote kwa majina. Akiwa anatumia metformin, dawa ya kisukari, semeni mapema, ili figo zipimwe kabla ya kuchomwa ile dawa ya kwenye mishipa inayofanya picha ionekane vizuri.

Sasa mama. Mwanangu, mama anajua. Mtu anayeuliza "mbona mnanong'ona" ameshaona rufaa, ameshaona sura zenu, na ameachwa peke yake na jambo linalomtisha kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba hiyo. Namwelewa kaka, anadhani akinyamaza anambebea mama mzigo. Lakini mama atakwenda kliniki ya saratani, atakaa benchi moja na wagonjwa wenzake, watamuuliza yake iko wapi. Mnataka asikie pale?

Usimvunjie kaka heshima kwa kusema usiku nyuma ya mgongo wake. Mwite pembeni, msomee barua hii ukipenda, kisha mkae na mama mchana, wawili au watatu tu, bila umati wa ndugu. Anza kwa kumuuliza yeye anadhani ana nini, halafu unyamaze umsikilize. Kisha mwambie kwa maneno yake ya kila siku: kile kidonda cha kisigino kilikuwa saratani, hatukujua, imepanda hadi kwenye titi, madaktari wanataka kuangalia kama iko kwingine ndipo wapange dawa. Akiuliza kama atapona, usimdanganye na usimhukumu. Mwambie kuiondoa kabisa ni vigumu, ila kuna mengi ya kufanya, na mtakuwa naye hatua zote. Akilia, mwacheni alie. Akisema hataki kusikia zaidi leo, muishie hapo. Anaweza kuwa na mambo yake ya kupanga, deni la mtu, shamba, ndugu wa kupatana naye, na nafasi hiyo ni haki yake.

Ninyi mabinti, melanoma ya mama haiwaongezei hatari ya saratani ya titi, kwa kuwa haikuanzia kwenye titi. Melanoma ya unyayo kwa kawaida hairithiwi pia. Ila mjikague nyayo, viganja na kucha, na muwakague wazee mnapowaosha miguu. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwetu. Mstari mmoja mpya unaopanuka, hasa weusi ukivuka kucha ukaingia kwenye ngozi, upelekwe hospitali. Vivyo hivyo doa jeusi la unyayoni linalokua, au kidonda kisichopona. Na kipande chochote kinachokatwa mwilini mwa ndugu yenu, ulizeni kinapelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Jambo la mwisho ni maumivu. Yakija, asivumilie kwa kuona ndiyo saratani ilivyo. Ombeni kuonana na watu wa tiba shufaa, yaani wanaotuliza maumivu na kumpa mgonjwa nafuu, mapema, hata kabla hali haijawa mbaya, maana wao hufanya kazi pamoja na wanaotoa dawa za saratani. Uvimbe ukiingia kwenye mfupa au ubongo, mionzi inaweza kumpa nafuu. Na kuna morfini ya kunywa, ya maji, ambayo Uganda jirani zetu wamekuwa wakiwapa wagonjwa majumbani tangu mwaka 1993. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa mlevi wala haimharakishii kifo. Akianza kukosa usingizi kwa maumivu, au kichwa kikimuuma mfululizo na kutapika, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo.